Namna ya kuchagua na kumfundisha mbwa wa kuokota bata, na kwanini wangu namsemesha Kiswahili

Kila ikifika mwezi wa nane huku Minnesota simu zinaanza, "kaka nataka mbwa kama wako", na wengi wanaopiga ni Wabongo na Wakenya ambao wamezoea kwenda kuwinda na wazungu wa kazini, sasa wanataka mbwa wao wenyewe, na swali la kwanza huwa bei. Nimechoka kurudia kwenye simu, kwa hiyo nayaandika yote toka kumchagua mpaka asubuhi ya kwanza kwenye matete.

Mi kwetu Bunda, pembeni ya Ziwa Victoria. Bata maji nimewaona toka mtoto, ila mbwa kwetu ni wa kulinda boma, analala nje, anakula ugali uliobaki, hakuna mtu anamtuma ziwani. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomuona mzee jirani yangu huku anapuliza filimbi, na mbwa aliyeko majini mita 100 anageuka, anamuangalia, anaonyeshwa mkono, anakata kushoto kama dereva aliyeelekezwa na trafiki, nikajua hapa kuna uchawi. Kumbe ni mwaka na nusu wa kurudia vitu vidogo dakika kumi kumi kila siku, na nusu ya hivyo vitu ni kumfundisha ASIFANYE kitu. Kukimbia na kuokota mbwa wa aina hii anazaliwa nako, hata ukilala yeye ataokota soksi zako. Kutulia wakati bunduki inalia na bata wanadondoka mbele ya macho yake, hiyo ndo kazi yako.

KABLA YA KUNUNUA

Msimu wa bata huku ni kama siku 60. Mwaka una siku 365 na mbwa anaishi miaka 10 hadi 12. Yani unanunua mtu wa nyumbani ambaye mara chache anaenda kazini. Kama unaishi apatimenti ghorofa ya tatu na unafanya shifti mbili, subiri kwanza, nenda kuwinda na mwenye mbwa, mpelekee kahawa na mafuta ya gari, atafurahi na wewe utajifunza.

Na mambo ya sheria yamalize mapema maana mbwa mzuri hakuokoi kwa askari wa wanyamapori. Kwa Minnesota, ukiwa umezaliwa baada ya mwaka 1979 lazima uwe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha ndo upate leseni. Juu ya leseni ya jimbo kuna ile stempu ya bata ya serikali kuu, dola 25, ipo toka 1934, inamhusu kila mwenye miaka 16 na kuendelea. Marisau ya risasi nyeusi, ile madini ya lead, ni marufuku kwa bata nchi nzima toka 1991, tunatumia ya chuma. Bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu. Idadi ya bata kwa siku na kwa kila aina soma kitabu cha kanuni cha mwaka huohuo, inabadilika. Na kwa sisi wageni kuna hili ambalo wengi wanalikanyaga bila kujua: mwenye green card yuko sawa na silaha kwa sheria ya nchi, ila aliyeko kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kushika, mpaka awe kwenye zile nafasi chache zilizoachwa wazi, moja ikiwa kuwa na leseni halali ya kuwinda. Kama uko kundi hilo muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujashika ya rafiki. Usiniulize mimi.

KUCHAGUA AINA

Hapa sitakaa sana maana asilimia kubwa mtaishia kwa Labrador na hamtakosea. Asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland kule Kanada, waliokuwa wanasaidia kwenye nyavu na samaki, Waingereza wakawachukua karne ya 19 wakawaendeleza kwa uwindaji. Manyoya mafupi mazito yanayokataa maji, mkia mnene kama usukani, na tabia ya kutaka kukufurahisha. Mweusi, wa njano au wa chokleti, rangi haiokoti bata, chagua unayoipenda.

Golden anatoka Uskochi, ana pua nzuri sana na roho laini, ila manyoya yale marefu ukitoka kinamasini utakaa saa nzima unatoa miiba na wewe umechoka na mke anakuangalia. Chesapeake ni mbwa wa Maryland, hadithi yake inaanzia kwenye meli iliyopata ajali mwaka 1807 na watoto wawili wa mbwa waliookolewa, Sailor na Canton. Huyo kwa baridi na mawimbi hana mpinzani, lakini ni kichwa ngumu na analinda vitu vyake, kwa mbwa wako wa kwanza sikushauri.

Kitu cha muhimu kuliko aina ni UKOO. Ndani ya Labrador kuna wa maonyesho, wanene wazuri wa picha, na kuna wa kazi, wembamba wenye moto. Unataka wa kazi, ila usidanganyike ukachukua mwenye moto kuliko wewe. Kuna koo nyingine za Marekani zimezalishwa kwa mashindano, mbwa ni kama pikipiki isiyo na breki, mwenye nyumba na watoto hawezi. Waambie wauzaji ukweli: nataka mbwa atulie sebuleni na afanye kazi asubuhi.

WAANGALIE WAZAZI, SIO MACHO YA MTOTO

Hili ndo kosa la watu wengi. Mtu anaingia, watoto nane wanarukaruka, mmoja anamlamba kidole, basi, ameuzwa. Wa kwanza wangu nilimnunua hivo, bei nusu, muuzaji anasema "makaratasi yapo njiani". Nadhani bado yako njiani. Alipofika mwaka nyonga zikaanza kumsumbua.

Omba vitu hivi na usione aibu, mfugaji mzuri atakutolea kabla hujamaliza sentensi:

Cheti cha nyonga na viwiko cha OFA (taasisi ya Marekani inayokagua picha za mifupa ya mbwa) kwa baba na mama wote wawili. Cheti cha nyonga cha mwisho kinatolewa mbwa akifika miezi 24, kwa hiyo ukiambiwa mama ana mwaka na nusu na "amepimwa tayari", hapo kuna walakini.

Vipimo vya jeni, hasa EIC, ugonjwa unaofanya Labrador aishiwe nguvu miguu ya nyuma baada ya dakika chache za kazi kali. Unamtuma majini mzima, anarudi amelegea kama mlevi, na wengine wanakufa. Kurithi kwake ni mpaka apate jeni mbovu kutoka pande zote mbili, kwa hiyo mzazi mmoja akiwa safi kabisa watoto hawaugui hata kama mwingine amebeba. Uliza pia CNM, ya misuli, na macho.

Halafu uliza wazazi wanafanya KAZI? Ukiona kwenye makaratasi herufi JH, SH au MH, hizo ni ngazi za mitihani ya uwindaji ya AKC, chama kikubwa cha mbwa cha Marekani, ya mwanzo, ya kati na ya juu. Bora zaidi, omba kumuona mama akiokota. Nilimuona mama yake Duma, huyu mbwa wangu wa sasa, akiletewa bampa (sio la gari, ni lile dude la plastiki kama chupa ndefu wanalorushiwa mbwa), akakaa kimya kabisa likirushwa, akatetemeka ila hakunyanyuka. Nikalipa palepale. Bei ya mtoto wa namna hiyo huku mara nyingi inaanzia dola 1,000 na inaweza kupita 2,000, na ukilia kuhusu bei kumbuka upasuaji wa nyonga ni pesa nyingi kuliko hiyo.

Ukishajiridhisha na wazazi, mtoto yeyote wa kati anafaa. Sio yule anayewakanyaga wenzie, sio yule amejificha kona. Viringisha soksi, irushe mita mbili, anayeifuata akaibeba na akasogea upande wako nayo, huyo mpe alama. Mchukue akiwa na wiki saba au nane.

LUGHA

Duma anafundishwa kwa Kiswahili na sio kwa mbwembwe. Kwenye maficho mnakaa watu wanne, kila mmoja na mdomo wake, bata akidondoka jamaa wanapiga kelele "fetch! get him!" na mbwa wao wanachomoka hata kabla ya kutumwa. Wangu hizo kelele kwake ni redio ya jirani. Anasubiri maneno ambayo hapa kijijini ninayajua mimi na mke wangu tu.

Ila Kiswahili nacho kina mitego yake, nimeijua kwa kukosea. Mbwa anasikia mlio, hasikii maana, kwa hiyo maneno yasifanane. Mwanzoni nilikuwa na "njoo" na "ngoja", zote zinaanza kwa mlio wa karibu, nikiwa mbali na upepo unavuma mbwa anachanganyikiwa aje au akae. Nikaifuta "ngoja" kabisa, maana "kaa" tayari inamaanisha kaa mpaka nikwambie vingine, haihitaji msaidizi. Wazungu wakimtuma mbwa kwa ndege ambaye hakumuona wanasema "nyuma" kwa lugha yao, na mi nikaiga, halafu nikagundua Duma na nyuma ni kama wimbo, vina vinagongana. Nikabadilisha "mbele". Na wageni wangu wakija nyumbani, "kaka habari", mbwa anakaa chini. Hilo nimeshindwa kulitibu.

Kwa hiyo orodha yangu: jina lake (ndo ruhusa ya kwenda kwa ndege aliyemuona), kaa, njoo, mguu (tembea ubavuni kwangu), shika, toa, mbele, na hapana. Filimbi moja ndefu ni kaa uniangalie, fupi fupi mfululizo ni njoo. Basi. Andika ubandike kwenye friji ili mke na watoto wasije na yao.

WIKI YA NANE MPAKA MIEZI MINNE

Umri huu ni wa kujenga hamu na ujasiri, nidhamu kidogo tu. Alale kwenye kreti (sio la soda, ni kizimba chake cha kulalia). Kaa kabla ya bakuli la chakula, kila mlo, ukishika bakuli juu ya kichwa chake anakaa mwenyewe, sema neno, mpe. Kuitwa fanya kwenye korido ya nyumba, milango imefungwa, rusha soksi mwisho wa korido, hana njia nyingine zaidi ya kurudi kwako. Mara tatu, ukizidisha sana nne, UNAACHA akiwa bado anataka. Wengi wanaharibu hapa, mtoto anapendeza, wanarusha mara ishirini, ya ishirini na moja anaiangalia anaondoka zake na ameshajifunza kwamba kuokota kunachosha.

Usimfukuze akikimbia na kitu. Wewe kimbia upande mwingine, atakufuata. Na usivutane naye kamba wala soksi hata watoto wakilia, utakuja kumlaumu anapokataa kuachia bata.

Mpe bawa la bata kavu alinuse. Mpeleke kwenye nyasi ndefu, kwenye gari, kwenye boti iliyoegeshwa nchi kavu, avuke magogo. Maji yawe ya joto na kina kifupi, na uingie WEWE kwanza na suruali yako, kaa humo, atakuja mwenyewe. Kumtupa majini ni dhambi. Nimeona mtu mzima anamrusha mtoto wa mbwa kutoka kwenye gati kwamba "ataogelea tu", kweli akaogelea, mpaka ufukweni, na hakurudi tena majini mwaka mzima.

Tarehe 4 Julai, usiku wa fataki, mfungie ndani na uwashe tv kwa sauti.

MIEZI MINNE MPAKA SITA

Meno yanabadilika, mdomo unauma, kwa hiyo mambo ya kushika acha kabisa. Ndo wakati wa mguu, kaa na njoo kwa kamba ndefu ya mita 10 mpaka 15. Kanuni ni moja, usitoe amri ambayo huwezi kuisimamia. Ukisema njoo na hana kamba na akakupuuza, umemfundisha kupuuza.

Utulivu unaanza hapa. Amekaa, rusha bampa, umemshikilia kola. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Mwite jina, achia. Wiki ijayo hesabu kumi. Baadae rusha tatu halafu nenda ukaziokote mwenyewe zote huku yeye amekaa anakuangalia kama mtu aliyedhulumiwa. Hii ya kuokota mwenyewe nakusisitiza, kwenye mazoezi yangu nusu ya zinazorushwa haendi yeye. Mbwa anayejua kila kinachodondoka ni chake atachomoka, na anayechomoka kwenye maficho anapita mbele ya mdomo wa bunduki. Kila msimu kuna mbwa wanapigwa risasi hivo, na boti ndogo zinapinduka hivo.

BUNDUKI

Naomba hapa usome polepole maana mbwa wangu wa kwanza nilimharibu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa siku moja. Alikuwa na miezi minne na nusu, nikaenda naye uwanja wa kulenga shabaha ili "azoee". Watu sita wanapiga kwa pamoja. Alitetemeka, akaingia chini ya gari, nikamtoa kwa kumvuta, na kuanzia hapo hata mlango ukigongwa na upepo alikuwa anajikojolea. Alikuwa mbwa wa sebuleni maisha yake yote, mzuri tu, watoto walimpenda, ila bata hakuwahi kumuona.

Mara nyingi mbwa hazaliwi mwoga wa bunduki, anatengenezwa. Njia ni hii. Subiri mpaka awe na wazimu wa kuokota, sio anapenda tu, WAZIMU. Mtu mmoja asimame mita 80 au 100 na bastola ya kuanzishia mbio, ile ya risasi bandia ndogo. Anarusha bampa juu, mbwa anachomoka, na bampa likiwa hewani ndo anapiga. Wewe angalia mkia na masikio. Kama hakujali, rudia mara mbili, nendeni nyumbani. Siku nyingine mita 70. Hamsini. Ukiona amesita hata sekunde, rudi mlikotoka. Ikifika karibu unaanza upya kwa mbali na bunduki ya marisau ndogo, geji 20, ndo baadae 12 ambayo mlio wake ni mkubwa zaidi. Inaweza kuchukua mwezi, na mwezi sio kitu. Na hata akizoea, usipige juu ya kichwa chake wala usimkalishe mbele ya mdomo wa bunduki, masikio yake yanaumia kuliko yako na yeye havai vizibo.

SHIKA

Meno ya kikubwa yakishatoka, miezi sita kwenda juu. Bata aliyejeruhiwa ni mjanja, mallard hasa (dume ni yule wa kichwa cha kijani), anazama, anajificha kwenye matete ametoa pua tu. Mbwa akimleta mpaka ufukweni halafu akamweka chini ili ajikung'ute maji, yule bata anaondoka. Kwa hiyo mbwa ashike mpaka useme toa.

Mbwa amekaa, vaa glovu, weka mkono mdomoni taratibu, "shika", sekunde mbili, "toa", msifie. Halafu kipande cha mti laini au ile rola ya kupakia rangi. Halafu bampa. Akikaa nacho dakika bila kutafuna, atembee nacho mguuni. Halafu ndege, anza na njiwa aliyekufa mzima asiye na damu, ndo bata. Anayetafuna ndege usimpigie kelele, rudi kwenye rola. Wapo wanaofanya hatua hii kwa kumbana sikio mpaka afungue mdomo, ni njia ya zamani na inafanya kazi mikononi mwa anayeijua, wewe huijui na mimi siijui, tuiache.

Kola ya umeme nayo wananiuliza sana. Wales waliipiga marufuku 2010, huku kila mtu anayo. Msimamo wangu: inakumbusha amri mbwa anayoijua tayari kwa umbali, haifundishi kitu kipya. Ukiwa na hasira usiishike. Mi ya Duma iko kabatini na betri imekufa.

KUMTUMA

Akishika na kutulia, sasa utamu. Tafuta msaidizi wa kurusha, mtoto wako, mlipe dola tano. Ukirusha wewe kila siku mbwa anajifunza kwamba vitu vinadondoka mita 30 kutoka kwako, akifika hapo anaanza kuzunguka. Msaidizi asimame mita 50, kesho 80, wiki ijayo 120, apige kelele kama bata kabla ya kurusha ili mbwa atazame. Anza nyasi fupi, halafu ndefu, halafu maji, halafu maji yenye matete. Badilisha kitu kimoja tu kwa siku. Umbali ukiongeza, nyasi ziwe fupi.

Tumia bampa nyeupe hapa, macho ya mbwa yanaziona vizuri hewani. Rangi ya machungwa kwake inapotea kwenye kijani, hiyo ihifadhi kwa zoezi la ndege asiyemuona. Likirushwa moja analeta bila shida, ongeza la pili, anachukua la mwisho kwanza na anakumbuka la mwanzo. Ukiona kichwa chake kinarudi chenyewe upande wa lile la kwanza akiwa amekuletea la pili, kunywa chai siku hiyo umefaulu.

Kwa ndege asiyemuona, fikiria uwanja wa beisboli. Mbwa amekaa katikati anakuangalia, wewe uko mbele yake, rundo la bampa kulia kwake, kushoto, na nyuma yake. Nyoosha mkono wa kulia pembeni, aende upande huo. Kushoto hivohivo. Mkono juu wima na "mbele!", ageuke aende mbali. Rundo moja kwa moja kwanza, kila moja wiki, ndo uchanganye. Halafu unaongeza filimbi, yuko njiani, puliza moja ndefu, akae, akuangalie, umwelekeze. Kukaa kwa filimbi majini (yani anageuka anakanyaga maji palepale) ndo kile nilichokiita uchawi, na kwa Duma kilikuja akiwa na miezi 17, baada ya mimi kukata tamaa mara mbili.

Ukitaka kujipima bila presha ya msimu, jiandikishe mtihani wa JH. Pale mbwa anaokota vya nchi kavu viwili na vya majini viwili, unaruhusiwa hata kumshika kola, akifaulu mara nne anapata herufi zake.

ASUBUHI YA KWANZA

Kabla ya siku yenyewe mzoeshe bata bandia (wale tunaowaelesha majini kuwavuta bata wa kweli), wapange nyasini, atembee katikati yao mguuni, akinusa mmoja "hapana". Halafu waweke majini, bampa rusha nyuma yao, maana kamba za nanga zao zinanasa miguu na mbwa asiyezijua anapaniki. Mzoeshe pia kukaa kwenye boti, kwenye stuli yake ndani ya matete, na sauti ya filimbi ya kuitia bata.

Siku ya kwanza wewe USIPIGE. Acha bunduki kwenye gari, wenzio wapige, wewe kazi yako ni mbwa. Najua inauma umeamka saa tisa usiku na umelipia leseni, lakini ukishika bunduki utaangalia bata na mbwa atachomoka, na akichomoka mara moja akamleta bata akasifiwa na wazungu wanne, miezi sita ya kaa umeifuta. Aokote wawili watatu waliokufa kabisa, karibu, muondoke mapema. Aliyejeruhiwa anayepigapiga mabawa muachie mbwa mzoefu msimu huu.

Kuna ndugu Waislamu huwa wananiuliza kama inafaa kula bata aliyeokotwa na mbwa. Mi sio sheikh, ila wenzangu ninaowinda nao wananionyesha Suratul Maida aya ya 4 kuhusu wanyama waliofundishwa kuwinda, na wanasoma bismillah wakati wa kufyatua. Mambo ya mate ya mbwa na kuosha madhehebu yanatofautiana, muulize wako. Wao wanabeba kisu, aliyefika akiwa hai anachinjwa.

VITU VINAVYOUA

Bunduki watu wanaiogopa. Hivi hawaviogopi. Mwezi wa nane kwenye mazoezi, maji yaliyotulia yenye utando kama rangi ya kijani imemwagwa, usimwingize hata kidogo, ile mwani ina sumu na mbwa anaweza kufa siku hiyohiyo. Kurusha majini mfululizo naye anameza maji mdomo ukiwa wazi, akizidisha anapepesuka, anatapika, tumbo limejaa, hapo ni daktari wa mifugo mara moja, kwa hiyo mpumzishe. Kupe wa huku wanaleta Lyme, na maji ya mabwawa yana leptospira, chanjo zipo, uliza.

Kuanzia mwezi wa kumi baridi. Mvalishe fulana ya neoprini (ule mpira laini wa nguo za wapiga mbizi) inayombana, ikilegea inaingiza maji na inanasa vijiti. Awe na pa kukaa juu ya maji, sio ndani. Akianza kutetemeka bila kuacha, au mbaya zaidi akaacha kutetemeka na amezubaa, kuwinda kumeisha, gari, hita, taulo.

Na barafu. Mwezi wa kumi na moja pembeni ya ziwa panaganda usiku, nyembamba kama kioo cha dirisha, bata anadondokea ng'ambo yake kwenye maji wazi. Mbwa ataivunja kwenda, nguvu anazo. Kurudi na bata mdomoni hawezi kupanda juu yake. Ukiona barafu kati yako na ndege humtumi, muache bata, au zunguka na boti. Mzee jirani yangu aliwahi kuwa na mbwa mwingine kabla ya yule wa filimbi, na hiyo ndo hadithi ambayo aliniambia mara moja tu.

Mkirudi, kabla hujavua buti zako mwenyewe, pitisha vidole kwake mwili mzima: katikati ya vidole vya miguu kwa mikato ya matete, kope la chini kwa mbegu za nyasi, kwapa palipochubuliwa na fulana. Masikio yakaushe kwa kitambaa mpaka ndani unapofika, Labrador masikio yanaoza haraka. Chakula mpe jioni akishapoa, msimu huu wangu anakula kile cha protini asilimia 30 na mafuta asilimia 20. Halafu anajinyoosha mlangoni kwangu analala, miguu inakimbia usingizini, na mgeni akiingia akasema "kaka" anakaa akiwa bado amefumba macho.